Nilipeleka mtaji mahali pasipokuwa na akiba ya chakula

Daftari la kwanza la marejesho bado ninalo. Limechakaa kwenye kona, na katika kurasa za miezi minne mfululizo karibu kila jina lina mkato mwekundu. Pembeni ya baadhi ya majina hayo niliandika neno moja kwa mkono wangu: uzembe. Mikopo iliyopotea nilishaisamehe zamani. Neno hilo bado linaniaibisha.

Nilikuwa nimesoma uchumi, nimefanya kazi ya ofisini miaka kadhaa, na nilikuwa na akiba. Nilikuwa pia na imani ambayo sikuwahi kuipima: kwamba watu wa vijijini wanakwama kwa kukosa mtaji. Wape mtaji, wafundishe kuandika mapato na matumizi, halafu kaa kando uone. Mimi na wenzangu wawili tulichanga, tukaanzisha mfuko wa kukopesha kaya thelathini, na karakana ndogo ya ushonaji kwa wale wasiokuwa na ardhi ya kutosha. Karibu kaya zote ziliishi kwa jembe la mkono na mvua ya Mungu. Juzi nimelisoma tena andiko letu la mradi. Neno chakula limo mara moja tu, kwenye bajeti ya siku ya uzinduzi.

Kosa la kwanza tulilifanya kabla hata ya senti ya kwanza kutoka. Tulikwenda kufanya tathmini wiki chache baada ya mavuno. Vihenge vimejaa, watoto wako shuleni, watu wana nafasi ya kukaa kikaoni mpaka jua lizame. Tuliuliza kila kaya inapata kiasi gani kwa mwezi, tukazidisha mara kumi na mbili, tukaliita pato la mwaka. Mtu yeyote aliyewahi kulima angetucheka. Pato la mkulima huingia kwa mkupuo na kutoka kwa kudonoadonoa, na mwishoni kuna kipindi ambacho kihenge ni kitupu na shamba bado ni kijani. Kipindi hicho ndicho tulichopaswa kukishuhudia. Ukitaka kuijua hali ya kaya, nenda wakati wa palizi. Wala usiulize mnapata kiasi gani. Uliza chakula cha msimu uliopita kiliisha mwezi gani. Swali la kwanza hujibiwa kwa kubahatisha. La pili mtu analijibu papo hapo, pengine na tarehe.

Marejesho ya miezi ya mwanzo yalikuwa safi kabisa, nami nikajivuna. Nikaandika ripoti yenye grafu. Halafu mambo yakageuka. Mmoja alichelewa wiki, mwingine mwezi, wa tatu akawa ananikwepa njiani. Kwa kuwa hesabu zangu zilionyesha wana uwezo wa kulipa, nikahitimisha kwamba hawataki kulipa. Nikaweka faini.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi hodari kuliko wote karakanani, aliyekopa akanunua cherehani yake mwenyewe. Mwezi wa kwanza wa kuchelewa nilimwandikia faini. Wa pili nilimfuata nyumbani, saa nne asubuhi, daftari kwapani. Nilimkuta binti yake wa miaka kama kumi, amembeba mdogo wake mgongoni. Ilikuwa siku ya shule. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Ameenda kibarua."

"Wapi?"

Akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde, kwenye shamba kubwa la mtu mwingine.

"Na shamba lenu mmeshapalilia?"

Hakujibu. Aligeuza shingo kutazama upande wa shamba lao, nami nikatazama. Magugu na mazao yalikuwa kimo kimoja.

Nilikaa kwenye kigogo nikasubiri. Mama alirudi saa nane, ameshika jembe mkono mmoja, na mkono mwingine nafaka kidogo iliyofungwa kwenye pindo la nguo. Hakushtuka kuniona. "Najua ulichofuata, kaka," akasema, kisha akamkabidhi binti ile nafaka kabla hajaketi. Nilipomuuliza kwa nini analipalilia shamba la watu ilhali lake linakufa, aliniangalia kama mtu anayepima iwapo swali ni la kweli au la kejeli.

"Nikipalilia langu watoto watakula baada ya miezi mitatu. Nikipalilia la mwenye nacho wanakula leo."

"Na mwakani je?"

"Mwakani mbali."

Nimesoma vitabu vingi vya uchumi wa maendeleo na sijaona palipoelezwa vizuri hivyo. Kaya isiyo na chakula cha kuifikisha mavuno huuza nguvu zake katika wiki zilezile ambazo shamba lake linazihitaji. Shamba likikosa palizi, mavuno hupungua. Mavuno yakipungua, kihenge kitakauka mapema zaidi mwaka unaofuata, na kibarua kitaanza mapema zaidi. Hapo hakuna mvivu. Kila siku ukiitazama peke yake, mama yule alikuwa anafanya uamuzi sahihi. Ni mwaka mzima ndio uliokuwa unamzamisha. Na mkopo wangu, wenye rejesho la kila mwezi, ulikuwa umeongeza mdomo mmoja wa kulisha.

Baadaye nilikuja kujua kwamba sehemu ya mazao yake alishaiuza ingali shambani. Mlanguzi alikuja na fedha taslimu wakati hana kitu, wakakubaliana kwa idadi ya magunia. Siku ya kuvuna akaja na magunia yake mwenyewe, ya lumbesa, akajaza mpaka juu. Fedha ile ya mlanguzi ilikwenda wapi? Sehemu yake ilikuja kwangu, kama faini. Ipo kwenye daftari, tarehe na kiasi.

Mweka hazina wetu, mwanamke ambaye hakuwa na digrii yoyote, ndiye aliyelifumbua fumbo. Alichukua karatasi, akaandika miezi kumi na miwili kwa mstari, akatia duara kwenye miezi ambayo kila kaya ilisema chakula huisha. Chini yake akaandika malimbikizo kutoka kwenye daftari langu. Hakusema neno. Mistari miwili ile ilifuatana kama nyayo na kivuli.

Chuoni nilishamsoma Ernst Engel, mtakwimu wa Kijerumani aliyeonyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato yake inavyokwenda kwenye chakula. Nililijibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Sikuwahi kujiuliza maana yake kwa mtu anayetaka kukopesha. Familia inayotumia sehemu kubwa kabisa ya kipato kwa chakula haina pa kupunguza pale bei inapopanda. Inapunguza mlo, inamtoa mtoto shule, au inauza kitu. Cherehani, kwa mfano. Mkopo wangu ulikuwa wa mwisho kwenye foleni hiyo, na kwa haki kabisa.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba sokoni chakula kilikuwepo. Katika miezi ileile ya mikato myekundu, mji wa jirani ulikuwa na maghala yaliyojaa. Nikamkumbuka Amartya Sen, mchumi wa Kihindi ambaye mwaka 1981 alieleza kuwa njaa ya mwaka 1943 huko Bengal, India ya enzi za ukoloni, iliua mamilioni bila chakula kutoweka nchini; kilichotoweka ni uwezo wa vibarua na wavuvi kukinunua, kwa kuwa bei ilipaa na ujira ukabaki chini. Ndiyo maana mkutano wa dunia wa chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 haukuishia kusema chakula kiwepo. Ulitaka watu wote, wakati wote, waweze kukifikia na kukimudu, kiwe cha kutosha, salama na chenye lishe. Nilipolisoma tamko hilo upya nilikwama kwenye maneno mawili: wakati wote. Mimi nilikuwa nimepima wakati mmoja.

Kuna jambo lingine sikulijua nilipokuwa nikigawa faini. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima wa miwa kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, kabla na baada ya mavuno. Watu walewale walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya akili kabla ya mavuno, walipokuwa na dhiki, kuliko baada ya kulipwa. Akili inayopigia hesabu mlo wa jioni haibaki na nafasi kubwa ya mengine. Mimi semina ya kupanga biashara niliiweka wapi? Katikati ya miezi ya uhaba, kwa sababu nilidhani wakati huo watu hawana shughuli. Wengine walisinzia. Nililiandika hilo pia kwenye ripoti.

Karakanani tatizo lilikuwa lilelile, ila limevaa nguo nyingine. Kuanzia kama saa tano asubuhi mishono ilianza kwenda upogo. Vitambaa viliharibika, sindano zilivunjika, watu walirushiana maneno juu ya mkasi. Nilidhani ni ujuzi, nikamleta mkufunzi kwa gharama ambayo sipendi kuikumbuka. Alikaa wiki mbili, na mwisho aliniuliza swali moja tu: hawa watu wanafika hapa wamekula nini? Sikujua. Nilipouliza nikagundua kuwa zaidi ya nusu hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana yake. Wazee walishasema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Nami nilikuwa nimelipa fedha nyingi kumleta mtaalamu aje aniambie hivyo.

Tukaanza kutoa mlo wa asubuhi. Sitadanganya kwamba kila kitu kilinyooka siku hiyo. Wiki ya kwanza baadhi walifunga sehemu yao kwenye mfuko wapeleke kwa watoto, na mwenzangu mmoja akataka tuwakataze. Tulibishana sana. Mwishowe tukaongeza kipimo badala ya kukataza, na gharama ikapanda kuliko nilivyopanga. Lakini mishono ilinyooka, na vitambaa vilivyookolewa vililipa sehemu kubwa ya mlo. Mwenye kiwanda au shamba lenye vibarua asiuone mlo huo kama sadaka. Robert Fogel, mwanahistoria wa uchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya ukuaji wa pato la kila mtu nchini Uingereza tangu mwaka 1790 ulitokana na kuboreka kwa lishe: watu walioweza kufanya kazi wakawa wengi zaidi, na kila mmoja akawa na nguvu zaidi. Sisi tunasimuliwa habari za mashine ya mvuke tu.

Baada ya hapo nikafanya kosa kubwa zaidi kwa fedha, na ninalieleza kwa urefu kwa sababu bado naona watu wanalirudia.

Nilishaelewa kuwa tatizo ni miezi ya uhaba. Nikawaza: tununue nafaka wakati wa mavuno bei ikiwa chini, tuihifadhi, tuwauzie wanachama wakati wa uhaba kwa bei nafuu. Hesabu ilinyooka kwenye karatasi. Niliweka humo karibu theluthi ya akiba yangu yote. Tukakodi stoo, tukapanga magunia mpaka kwenye dari, tukafunga kufuli, nikarudi mjini nikiwa na furaha.

Mlinzi alinipigia baada ya wiki kama tisa. Alisema magunia yanaongea. Nilicheka, kisha nikaenda. Ukiweka sikio kwenye gunia lililoingiliwa na dumuzi, kweli unasikia: mchakato mdogo, usiokatika, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Chini ya kila safu kulikuwa na unga mweupe. Nilipoondoa magunia yaliyoegemea ukutani nikakuta ukungu wa kijani umeshika sehemu iliyogusa ukuta, na joto. Niliingiza mkono katikati ya gunia nikautoa haraka.

Tulinunua nafaka kwa kuitazama kwa macho, bila kupima unyevu. Waliotuuzia walikuwa na haraka, nasi tulikuwa na haraka. Nafaka inatakiwa ikaushwe mpaka unyevu ushuke kama asilimia 13 hivi kabla ya kuhifadhiwa. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu yenye mdomo mpana, tia punje na chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, nafaka bado ni mbichi, irudishe juani. Chumvi na chupa tu, na sikuwa nimevijua. Magunia yasikae sakafuni, yainue kwenye mbao. Yasiguse ukuta, acha nafasi ya mtu kupita. Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi, lakini haitakusaidia ukiingiza nafaka mbichi, wala ukiwa na panya wa kuitoboa, wala ukiifungua kila wiki kuchungulia.

Siku ileile alikuja mtu akitaka kuyanunua magunia yenye ukungu kwa bei ya kutupa. Hakusema atayapeleka wapi. Nakiri kwamba nililala nikilifikiria jambo hilo. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa, huharibu ini, na ikiliwa na mnyama anayekamuliwa inapita mpaka kwenye maziwa. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa katika mlipuko mmoja wa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Asubuhi tuliyachoma. Moshi ulikaa kijijini mpaka jioni, na kila mtu alijua fedha zinazoungua ni za nani. Mzee mmoja alinisogelea akasema, "Pole mwanangu. Ungeniuliza ningekuambia stoo ile inavuja." Sikumuuliza. Sikumuuliza mtu yeyote.

Kwa miezi kadhaa nilitaka kuacha. Aliyenirudisha ni mweka hazina, na mpango tuliouanza upya ni wake zaidi kuliko wangu. Aliuliza swali rahisi: kwa nini sisi tununue na kutunza, ilhali wanaolima wangeweza kutunza chao wenyewe kama wasingelazimika kukiuza siku ya mavuno? Watu hawauzi bei ikiwa chini kwa kutojua bei itapanda. Wanajua fika. Wanauza kwa sababu ada ya shule inadaiwa sasa, deni linadaiwa sasa. Miezi michache baadaye wananunua nafaka ileile kwa bei iliyopaa. Wakulima wadogo wengi, ukipiga hesabu ya mwaka, wananunua chakula kingi kuliko wanachouza, na hilo likikuingia kichwani utaacha kushangilia kila bei ya mazao inapopanda.

Tukageuza kalenda. Mkopo ukatoka wakati wa mavuno, siyo wakati wa kupanda kama tulivyozoea, ili mtu alipe madeni yake bila kugusa kihenge. Nafaka yake ikawa ndiyo dhamana, imekaushwa, imepimwa, imefungwa na kuandikwa jina. Rejesho likawa moja, baada ya bei kupanda. Sikujua wakati huo kwamba kuna watafiti waliokuwa wakipima jambo hilohilo magharibi mwa Kenya. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kuwa wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno walihifadhi zaidi, wakauza baadaye na kupata zaidi. Ila walionyesha pia kuwa wengi wakifanya hivyo sehemu moja, tofauti ya bei yenyewe hupungua. Kwa anayetunza ili auze ni faida ndogo. Kwa jirani yake anayenunua, ni nafuu kubwa, na yeye hakukopa chochote.

Kanuni moja tuliiweka na hatujawahi kuivunja: kabla ya kutenga magunia ya kuuza, tenga ya kula mpaka mavuno yajayo. Wanaume kadhaa waliipinga. Wake zao walikaa kimya kikaoni, kisha wakaja mmoja mmoja jioni kwa mweka hazina kumwambia asilegeze.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili serikali ilifunga mipaka kwa mazao ya chakula wiki chache kabla hatujauza, na bei ikaporomoka. Nilikasirika sana. Lakini nimewahi kuishi mjini kwa mshahara mdogo, na ninajua kiongozi anaogopa nini. Katika mfumuko wa bei za vyakula wa miaka ya 2007 na 2008 watu waliandamana katika nchi nyingi; Haiti waziri mkuu wake aliondolewa madarakani Aprili 2008 baada ya ghasia za bei ya chakula. Mji ukikosa chakula cha bei nafuu, wafanyakazi wanadai ujira zaidi, bidhaa zinapanda, na serikali inamwaga fedha za kigeni kuagiza nafaka badala ya mashine na dawa. Mpaka ukifungwa ghafla, kwa upande mwingine, mkulima aliyethubutu kuhifadhi anaadhibiwa, na mwakani hatathubutu. Ningependa kuwa na jibu jepesi. Tulichoweza kufanya sisi ni kuacha kuuza kila kitu siku moja: theluthi mapema, theluthi katikati, theluthi mwisho. Hatupati bei ya juu kabisa, na hatuangamii.

Nimejifunza kuwa na subira na namba pia. Wafadhili wetu wadogo waliuliza kila mwaka kaya ngapi zimefungua biashara. Mwaka wa kwanza wa mpango mpya jibu lilikuwa karibu hakuna. Zilichofanya ni kupalilia mashamba yao kwa wakati. Biashara zilikuja baadaye, na hazikuletwa na semina. Mtu ambaye ana uhakika wa kula mpaka mavuno anaweza kujaribu mbegu mpya kwenye kipande cha shamba, au kukaa karakanani mwezi mzima bila kukimbilia kibarua. Ukubwa wa nchi haubadilishi sana hadithi. Vietnam ilikuwa inaagiza mchele katikati ya miaka ya 1980. Mageuzi yalianza mwaka 1986, familia zikapewa haki ya kutumia ardhi zenyewe, na kufikia mwaka 1989 nchi ilikuwa inauza nje zaidi ya tani milioni moja. Viwanda vilivyokuja baadaye vilikuta watu wanaokula.

Hasara ambayo haionekani kwenye daftari lolote ni ya watoto. Yule binti aliyebeba mdogo wake mgongoni alirudi shule, lakini alikuwa ameachwa nyuma mwaka mzima. Mdogo wake ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu umri wa kudumaa ni ule wa kutoka tumboni mpaka miaka miwili, na uhaba wa nyumbani kwao ulimkuta humo. Nchini Guatemala, kati ya mwaka 1969 na 1977, watoto wa vijiji kadhaa walipewa kinywaji chenye lishe na wengine kinywaji kisicho na protini. Walipofuatiliwa ukubwani, wanaume waliopata lishe ile katika miaka miwili ya mwanzo walikuwa na kipato kwa saa kilichozidi cha wenzao kwa karibu asilimia 46. Upande wa taifa zima, utafiti ulioongozwa na Umoja wa Afrika pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, uliotolewa mwaka 2013, ulikadiria kuwa utapiamlo wa watoto uliigharimu Ethiopia kiasi cha asilimia 16.5 ya pato la taifa kwa mwaka. Ethiopia yenyewe ilikuwa imeshaanza, mwaka 2005, mpango wa kuwapa watu wenye uhaba wa kila mwaka chakula au fedha kwa kazi za umma, ili wasiuze mifugo na zana zao kila njaa inapobisha. Niliposoma habari za mpango huo nilikumbuka cherehani.

Ndiyo, iliuzwa. Kabla hatujabadilisha chochote, mama yule aliiuza kulipa faini na chakula, na aliyeinunua alikuja kuichukua mbele ya karakana yetu. Leo ana nyingine. Hakuinunua kwa mkopo wangu. Aliuza magunia mawili mwezi wa mwisho wa uhaba, akiwa na mengine ya kula. Faini yake niliirudisha, nikiwa nimechelewa miaka miwili. Aliihesabu mbele yangu, polepole, akatia sahihi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya hauna safu ya kiasi cha mkopo. Una safu ya mwezi ambao chakula kitaisha. Tunaijaza wakati wa palizi, tukipita nyumba kwa nyumba, na tunairekebisha baada ya mavuno. Msimu huu kaya mbili zimeuza tena mazao yangali shambani. Moja walikuwa na mgonjwa aliyelazwa. Nyingine hawajataka kusema. Mfuko wa dharura tuliotenga kwa mambo hayo ulikwisha mwezi mmoja kabla, na Jumamosi tunakaa kuamua kama tuuongezee kutoka kwenye mauzo ya theluthi ya kwanza au ya pili.